Shahidi wa Faragha

Sauti ilikuwa yake. Hilo hata yeye mwenyewe hakuweza kulipinga, maana mji mzima ulimwita King'ora kwa sababu ya sauti hiyo hiyo, na wazazi walizoea kucheka kwamba mwalimu mwenye mdomo mkubwa kuliko wote ndiye aliyepewa darasa la watoto wasiosikia.

"Mimi nilitoa mimba," sauti ilisema kutoka kwenye simu ya mama mkwe, jikoni, juu ya birika lililokuwa linakaribia kuchemka. "Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Sikumwambia mtu, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwambia."

Mama mkwe aliishika simu kwa vidole viwili, kama mtu aliyebeba panya kwa mkia.

"Hii ni nini?"

"Simu yako, mama."

"Usinichezee. Nimetumiwa na mwenzangu wa kwaya, naye katumiwa na binti yake. Nakuuliza, hii sauti ni ya nani?"

King'ora alizima jiko. Akaliwasha tena. Akachukua kitambaa akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Ni yangu."

"Na maneno?"

Hapo ndipo alipokwama. Alifuta meza hadi kwenye kona, akarudi katikati, akasema maji yamechemka, kisha akatoka nje kuanua nguo ambazo bado zilikuwa zinachuruzika.

Maneno hayakuwa yake. Lakini kazi ya ukalimani ina kanuni moja ambayo watu wa nje huishangaa. Mkalimani hasemi, "Huyu mama anasema anaumwa tumbo." Anasema, "Tumbo linaniuma." Mbele ya madaktari King'ora alishaumwa kila kiungo alichonacho. Mahakamani alishaiba kuku na alishaibiwa baiskeli. Kwenye harusi za viziwi alishakubali kuolewa na wanaume ambao asingewakaribisha hata chai. Watu wakiiona mikono ya kiziwi inakwenda, na yeye kasimama pembeni anasema, wanaelewa. Tatizo ni pale wasipoiona mikono.

Na siku ile hawakuiona.

Kamati ya bunge ilikuwa imekuja mjini kukusanya maoni juu ya mswada wa utoaji mimba. Sheria iliyokuwepo ilikuwa kongwe kuliko majengo yote ya mji ule. Iliandikwa na watu waliokuja kutawala, wakaondoka, wakaacha reli, magereza na sheria hiyo. Reli ilishakufa, magereza yalishafurika, sheria haikuguswa hata koma. Mswada ulitaka daktari aruhusiwe kumsaidia mwanamke aliyebakwa, au ambaye mimba inamweka hatarini. Ulitaka pia mwanamke anayefika hospitali akivuja damu atibiwe kwanza, mambo ya polisi yafuate baadaye. Kwa hayo machache watu walikaribia kupigana. Nje ya ukumbi walisimama wenye fulana nyeupe, wanaoupinga, na wenye fulana za machungwa, wanaoutaka. Kwa kuwa upande wenye kivuli ulikuwa mmoja tu, walitukaniana wakiwa wamebanana bega kwa bega, na mtu alipopita na maji ya kunywa walipokezana chupa bila kuangalia rangi.

Mashahidi wa faragha waliingizwa kwa mlango wa nyuma na kukaa nyuma ya pazia. Mmoja wao alikuwa kiziwi, mshonaji wa nguo. Karani wa kamati alifikiri sana, akaamua kwamba wasitangaze kuwa kuna mkalimani. Wanawake viziwi wa makamo katika mji ule walikuwa wachache mno. Kusema tu "kiziwi" ilikuwa sawa na kumtaja jina. King'ora alikubaliana naye mara moja, akaona ni busara kubwa. Mshonaji mwenyewe aliuchuja ushuhuda wake, akaondoa kila kitu ambacho kingemwonyesha kuwa hasikii. Kwa hiyo watu ukumbini waliona pazia, na nyuma ya pazia wakasikia mwanamke anasema mimi, mimi, mimi. Walificha uso wa mmoja wakasahau sauti ya mwingine. Wote watatu walikuwa watu wenye akili zao, na hakuna hata mmoja aliyeliona hilo.

Mtu fulani aliyekaa mbele alikuwa na simu mfukoni, imewashwa.

Kipande kilichosambaa kilikuwa kifupi. Mwanamke anasema kuna mwanamume aliyekuwa akija nyumbani kumtembelea baba yake mdogo, na kwamba hakumtaka, na kwamba hilo halikumzuia. Anasema alitoa mimba akiwa peke yake, akazidiwa, akapelekwa hospitali, na muuguzi akaita polisi kabla ya kumwita daktari. "Mahakamani sikuelewa kitu," anamalizia. "Nilijua nimefungwa pale gari lilipopita njia ya nyumbani bila kukata kona."

Hilo la kona ndilo watu walilolishika. Walikuwa wanalirudia sokoni, kwa vinyozi, kwenye foleni ya maji.

*

Mume wa King'ora alikuwa fundi wa friji, mtu wa maneno machache na bisibisi nyingi. Jioni ile alikaa sebuleni na feni iliyofumuliwa mapajani, akaisafisha panga moja moja kwa muda mrefu kuliko feni yoyote inavyostahili.

"Mama watoto."

"Nakusikia."

"Ulipokuwa na miaka ishirini na miwili, si ulikuwa chuoni?"

"Nilikuwa chuoni."

"Nilikuja kukutembelea pale. Mara mbili. Kulikuwa na geti."

"Kila chuo kina geti."

"Na askari mlangoni."

"Mlinzi. Unataka kusema nini?"

"Sisemi kitu." Alipuliza vumbi. "Naulizia tu lile geti."

King'ora alicheka hadi akashika ubavu. Kisha akaona mume hacheki, kicheko kikamkauka.

"Wewe unaijua kazi yangu," alisema.

"Naijua. Basi sema ulikuwa kazini, yaishe."

"Sijasema nilikuwa kazini. Sijasema sikuwa."

"Sasa mimi karakana niwaambie nini watu?"

"Waambie friji zao zimepona."

Alinyanyuka akaenda kufunga dirisha, akalifungua, akasimama pale. Hata kusema kwamba alikuwa kazini kulikuwa ni kumtaja mtu, maana mkalimani wa lugha ya alama humsemea nani kama si kiziwi? Alijua mume wake angefunga mdomo. Alijua pia kwamba mume wake angepita mbele ya kibanda cha mshonaji kesho asubuhi, angemwangalia kidogo zaidi ya kawaida, na mshonaji, ambaye maisha yake yote alisoma nyuso za watu, angeisoma hiyo.

*

Ambacho King'ora hakukitarajia ni wanawake.

Alijiandaa kwa matusi, na matusi yalikuja. Mzazi mmoja alihamia upande wa pili wa barabara alipomwona. Mtu aliandika "MUUAJI" kwa chaki kwenye mlango wa darasa lake, na watoto wake, ambao ndiyo kwanza walikuwa wanajifunza kusoma, walimwomba kwa mikono awafundishe neno hilo jipya. Alilifuta, akawafundisha "mlango."

Lakini mpishi wa shule alimvuta nyuma ya stoo, akamshika mkono, akasema, "Mwalimu, hata mimi," kisha akarudi kwenye sufuria zake bila neno la pili. Muuza mayai alimwongezea yai akasema, "Dada yangu," halafu akashindwa kuendelea, akajifanya anahangaika na trei. Mwanamke wa duka la kuchapisha alimfuata hadi nje kumweleza jambo lililotokea kabla hajaolewa, akalieleza lote, amesimama juani, mikono imemganda kifuani.

King'ora alisikiliza kila mmoja akiwa anasimama kwa mguu mmoja kisha mwingine. Alitamani kuwaambia: mama, umekosea mlango, huyu siye. Alijiona kama mtu anayepokea mizigo ya wenyewe stendi, wanamkabidhi, wanamshukuru, wanaondoka, naye hana pa kuiweka. Angewezaje kumrudishia mtu siri aliyokwisha kuitoa mdomoni?

Hata mama mkwe alikuja. Alimkuta anasugua sakafu ya varanda kwa mara ya pili, akavuta kigoda akakaa katikati kabisa ya sehemu iliyokuwa na maji.

"Acha hiyo sakafu. Haijakukosea."

"Nakaribia kumaliza, mama."

"Dada yangu mkubwa unamjua alikufaje?"

"Malaria."

"Malaria!" Mama mkwe alifyonza. "Kwetu sisi malaria imebebeshwa mengi. Dada alikuwa kiwanda cha nyuzi. Kila mwezi msimamizi alikuwa anawapanga mstari wanawake, anawapapasa matumbo kama anachagua mapapai. Ukionekana umeshika mimba, huna kazi. Na ukionekana umeitoa, una kesi. Sasa niambie, mtu apite wapi hapo?"

"Sheria ilikuwa hii hii?"

"Hii hii. Tulipopata uhuru wetu tulibadilisha bendera, tukabadilisha majina ya barabara, kile kiwanda wakakiita cha wananchi. Msimamizi akawa mwenzetu, naye akapapasa." Aliinua miguu kuepuka maji. "Dada alikwenda kwa mtu uchochoroni. Alirudi nyumbani akalala. Mama akatuambia tukiulizwa tuseme malaria. Mimi nikasema malaria mpaka leo hii ninayoongea na wewe."

King'ora aliketi juu ya ndoo aliyoigeuza.

"Kwa hiyo mimi sikulaumu," mama mkwe alisema. "Ninachokulaumu ni kwamba umeishi kwangu miaka yote hii unajifanya hujui kitu, kumbe wewe ndiye wa kunieleza mimi."

"Mama, mimi..."

"Nyamaza. Usianze kujitetea, utaniudhi."

King'ora akachukua tambara, akasugua tena kukizunguka kigoda. 

*

Mwalimu mkuu alimwita ofisini akafunga mlango, akaufungua kidogo ili watu wasiseme, akaufunga tena.

"Bodi inakaa kesho mchana," alisema. "Ajenda ni wewe. Mtu aliyewahi kufungwa haruhusiwi kufundisha, na wanadai ulificha kifungo."

"Sijawahi kufungwa. Cheti changu cha chuo mnacho hapo kabatini. Tarehe zinajieleza."

"Ndiyo maana nakuita, mwenzangu. Mimi nakujua. Ulikuwa unatafsiri. Sema sentensi moja tu: nilikuwa natafsiri. Nitawagongea meza, kikao kitakwisha, tutakunywa chai."

"Na mwenyekiti akiuliza nilimtafsiria nani?"

Mwalimu mkuu alifungua mdomo, akafikiri. Alikuwa mtu mwema, na fikra zake zilisomeka usoni kama bango. King'ora aliziona zikipita: kiziwi, mwanamke, mtu mzima, miaka kadhaa tu tangu ahamie hapa. Akaona zinapokwenda kufika.

"Usifike huko," alimwambia. "Tafadhali. Rudi nyuma."

"Sijafika popote," mwalimu mkuu alisema haraka, na masikio yalikuwa yamemwiva.

Maana mshonaji yule ndiye aliyekuwa anashona sare za shule. Na chumba alichokaa, na kibanda alichoshonea mbele yake, vilikuwa mali ya katibu wa wazazi, ambaye ndiye aliyegawa fulana nyeupe mlangoni pa ukumbi. Sare zikiondoka na chumba kikiondoka, kilichobaki ni cherehani na barabara.

*

King'ora alimkuta mshonaji anafunga mizigo.

Vitambaa vilikuwa vimeviringwa na kufungwa kwa kamba. Cherehani ilikuwa imeshushwa mezani na kulala ubavu kama mbuzi wa mnada. Mshonaji alikuwa amepiga goti juu ya begi, analazimisha zipu. King'ora aligonga sakafu kwa kisigino mpaka mtikisiko ukamfikia, akageuka.

"Unakwenda wapi?" King'ora aliuliza kwa mikono.

"Mbele." Mikono ya mshonaji ilikuwa ya kasi, yenye alama za sindano, na haikujua kuzunguka. "Hapa pameisha. Mteja kanionyesha simu, anacheka, anataka nione watu wanavyochati. Nikaona jina lako. Wanasema ni wewe."

"Wanasema."

"Umewajibu nini?"

"Sijawajibu."

Mshonaji aliachia zipu. "Umekuja kunirudishia maneno yangu?"

"Nimekuja kukuuliza. Kesho mchana bodi inakaa kwa ajili yangu. Nikinyamaza, wananifukuza. Nikisema sikuwa mimi, watakuhesabu wewe kabla sijatoka mlangoni. Maneno ni yako. Nikiyafanyia lolote bila kukuuliza, nitakuwa mwizi."

"Ukifukuzwa, watoto watafundishwa na nani?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu," mshonaji alirudia, polepole, na mikono ikabaki hewani. Kisha akasimulia sehemu aliyoiondoa kwenye ushuhuda. Mahakamani alikosa mkalimani, hivyo baba yake mdogo alijitolea. Baba mdogo alijua ishara za kula, kulala na njoo. Hakimu aliuliza swali refu. Baba mdogo hakumgeukia hata kidogo kumuuliza, akajibu mwenyewe. Baadaye sana, gerezani, mtu alimwandikia kwa kijiti mchangani kilichosemwa: amekiri, anaomba msamaha. "Hakuwa mtu mbaya," mshonaji alisema. "Alidhani nikionekana mpole watanionea huruma."

King'ora alingoja jibu la swali lake. Mshonaji alimpa mgongo, akarudi kwenye zipu. Kwa viziwi, mgongo ni mlango uliofungwa. Huwezi kumpigia mtu kelele akiwa amekugeuzia mgongo, hata uwe na king'ora kooni. Alisimama pale, akapanga bobini za uzi zilizokuwa zimemwagika, akaona anaziharibia mpangilio, akaondoka.

*

Bodi ilikaa chumba cha walimu, chini ya feni iliyokuwa inakwaruza. Mwenyekiti alikuwa meneja mstaafu wa idara ya maji, mzee mtaratibu, sauti ya chini, mtu wa kukufukuza kazi huku anakuulizia hali ya watoto. Katibu wa wazazi alikaa kulia kwake na mkoba mapajani. Mwalimu mkuu alikaa upande wa dirisha akijaribu kutomwangalia mtu yeyote.

"Mwalimu," mwenyekiti alisema, "hatuko hapa kukuhukumu. Tunataka kuelewa tu. Sauti ni yako?"

"Ni yangu."

"Umewahi kufungwa?"

"Hapana. Cheti changu mnacho."

"Tumekiona. Safi kabisa." Alitabasamu kwa upole. "Kwa hiyo ama uliidanganya kamati ya bunge, ama yalikuwa maneno ya mtu mwingine. Ni lipi?"

King'ora alizipanga kalamu tatu za mwalimu mkuu sambamba, akazivuruga. Ulimi ulikuwa tayari. Sentensi moja, alisema mwalimu mkuu. Angeweza kuisema kwa kupumua tu.

"Sijibu," alisema.

"Hujibu," katibu alidakia. "Mdomo wote ule, leo haujibu! Kwenye kamati uliweza kutetea uuaji mbele ya watoto wetu, hapa huwezi?"

"Watoto hawakuwepo ukumbini, mama. Labda wale mliowavisha fulana."

"Unaona, mwenyekiti? Unaona dharau?"

Mlango ulifunguliwa bila kugongwa, maana aliyeufungua hakuwa na sababu ya kusubiri kuambiwa karibu. Mshonaji aliingia na nguo za kutokea, viatu vya kufunga, shingo tupu bila ule utepe wake wa kupimia. Alionekana mgeni hata kwa King'ora.

"Ah, fundi wa sare!" Mwalimu mkuu alisimama nusu, jasho limemtoka ghafla. "Mwambie tuna kikao. Arudi baadaye. Arudi kesho."

King'ora aliyapeleka kwa mikono, yote, pamoja na kesho.

"Nimekuja kwenye kikao," mshonaji alijibu. "Waambie maneno yale ni yangu."

"Anasemaje?" katibu aliuliza.

King'ora hakutoa sauti. Mikono yake ilikwenda kifuani, midogo, ya siri, kama anayejikuna. "Usifanye hivi. Yule wa kulia ni mwenye chumba chako. Nitawaambia umekuja kuulizia vipimo vya sare. Toka, panda gari, mimi nitajua pa kwenda."

"Utawaambia nini?"

"Vipimo."

Mshonaji hakukasirika. Laiti angekasirika. Alimwangalia tu, kisha akasema kwa mikono miwili iliyotulia, mikubwa, ya kuonekana na chumba kizima ingawa hakuna aliyeelewa:

"Baba mdogo naye alinihurumia."

Feni ilikwaruza. Katibu aligonga meza kwa kucha. "Mwalimu, anasemaje?"

 Wiki nzima King'ora alijiona mlinzi. Alikuwa amelala vibaya, amesugua sakafu, amebeba siri za wanawake wa mji mzima, na katika yote hayo hakuwa amewahi kufikiri kwamba huyu mtu anaweza kutaka kusema mwenyewe. Alisukuma kiti nyuma, akasimama, akaenda kusimama kando ya mshonaji, hatua moja nyuma yake, mahali pa mkalimani.

"Mimi ndiye shahidi," alisema, kwa ile sauti yake ya uwanjani. "Maneno mliyoyasikia ni yangu."

Mwenyekiti alimgeukia yeye. "Kwa hiyo unakiri..."

"Mtazame yeye, mwenyekiti. Mimi nisikilize tu."

Macho yao yalihama. Yalihama kwa shida, kama watu wanaosukuma kabati. King'ora aliwaona wakimwangalia mshonaji, wakirudi kwake, wakikumbuka, wakimwangalia mshonaji tena. Mshonaji alikuwa ameshaanza. Alieleza yote, na safari hii hakuchuja: kwamba hasikii, kwamba nyumba nzima ya baba mdogo hakuna aliyejua lugha yake, kwamba yule mwanamume alilijua hilo vizuri. King'ora alisema mimi, na mimi, na mimi; kazi ikishaanza mikono na koo hujua njia.

"Mwulize," mwenyekiti alisema alipomaliza, na sauti yake ya upole ilikuwa imepungua kimo, "kama anajuta."

"Mwulize mwenyewe. Anakuona."

Mwenyekiti alikohoa. Alimgeukia mshonaji, akasema kwa sauti kubwa isiyo na maana, kama wanavyofanya wote, "Unajuta?"

Mshonaji alifikiri kabla ya kujibu.

"Najuta nilimwitikia hakimu kwa kichwa," King'ora alisema. "Alikuwa ananiangalia anaongea, nikadhani ananipa pole. Nikaitikia kwa kichwa kumshukuru."

Mwalimu mkuu alisogea kwenye dirisha akawapa mgongo. Katibu wa wazazi aliufungua mkoba wake, akaufunga. Uso wake ulikuwa umewiva, na kwa muda mfupi King'ora alidhani atalia. Huwezi kujua nani amebeba nini. Lakini alichosema kilikuwa hiki:

"Mwambie mwisho wa mwezi nataka chumba changu."

Hilo pia King'ora alilipeleka, bila kulipunguza makali wala kuliongeza. Kila neno lilifika.

Mshonaji aliitikia kwa kichwa. "Nitakupa chumba chako," King'ora alisema kwa niaba yake. "Ila sihami mji. Nitatafuta kingine hapa hapa. Na sare za muhula huu zimebaki kupigwa vifungo tu, kwa hiyo mseme leo kama hamzitaki, nisimalize uzi wangu bure."

Hakuna aliyesema hazitakiwi. Hakuna aliyesema zinatakiwa. Mwenyekiti aliangalia karatasi zake kwa muda, akazigeuza, akatafuta miwani iliyokuwa usoni kwake.

"Na wewe, mwalimu," alisema hatimaye. "Wewe mwenyewe una la kusema?"

King'ora alishtuka. Tangu kamati ilipokuja mjini, huyu alikuwa mtu wa kwanza kumuuliza hivyo, na sasa alijitafuta ndani akakuta hana hotuba. Alikuwa na njaa, na nje alisikia watoto wake wakigonga madawati, wanavyofanya wakiachwa peke yao muda mrefu, kishindo kisicho na mpangilio ambacho wao wenyewe hawakijui.

"Langu ni kwamba darasa langu limekaa bila mwalimu tangu kengele ya pili," alisema. "Kama mmenifukuza, semeni. Kama hamjanifukuza, nakwenda."

 Walitazamana.

"Haya," alisema. "Mkitaka kuongea na shahidi, yupo hapo. Mkishindwa, mtanikuta darasani."

Alipofika mlangoni aligeuka kumwambia mshonaji kwa mikono waondoke wote. Mshonaji alikataa. Alikuwa amevuta kile kiti kilichoachwa wazi, ameketi, ameweka mikono mezani mbele ya katibu, na anawatazama mmoja baada ya mwingine, bila haraka, akisubiri wamwambie jambo.